Ni Jicho Langu, au Ni la Mwanamume Lililotiwa Wanja?

Shikamoo, Shangazi.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34, na kazi yangu ni kutunga dansi na kuziongoza zinaporekodiwa kwa video. Kwa miaka mingi nilifanya kazi chini ya waongozaji wanaume, na kila siku ya kazi ilipokwisha nilikuwa na lalamiko lilelile, kwamba kamera haikuwa ikiwatazama wachezaji wa kike bali ilikuwa ikiwakatakata: paja peke yake, kiuno peke yake, midomo peke yake, na uso ukaletwa mwishoni kama risiti baada ya mauzo. Kwa hiyo nilipopata fedha za kuongoza kazi yangu mwenyewe, dansi ya watu wawili isiyozidi dakika 11, niliapa kwamba safari hii atakayetazamwa ni mwanamume, na atatazamwa kwa jicho la mwanamke.

Mchezaji niliyemchagua ni kijana wa miaka 27, mwembamba, mwenye sura ya kawaida ambayo usingeigeukia njiani, lakini akianza kucheza hupati pengine pa kuweka macho. Siku ya kwanza alicheza akiwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni. Kuna mahali ambapo mwenziwe wa kike hujiachia kwa nyuma, naye hutakiwa kumdaka. Wachezaji wengi hudaka mapema kwa sababu ya hofu. Yeye aliupeleka mkono nyuma ya mgongo wa mwenziwe, akauacha hewani, shibiri moja hivi kutoka kwenye nguo, vidole vimelegea, akangoja uzito umfikie wenyewe. Niliyaona hayo kwenye skrini ndogo ya kamera, nikasahau kusema "kata".

Siku ya pili mpiga picha na mhariri wangu, wote wanaume, walinishauri kijana avue shati, kwa maelezo kwamba ikiwa video ni ya macho ya wanawake, basi wanawake wapewe kitu cha kutazama. Nilimuuliza, akajibu "sawa", akavua. Siku hiyo hakugusa maji tangu asubuhi, akisema atakunywa tukimaliza, na alasiri alibanwa na msuli wa paja mara mbili.

Sasa mhariri amenipa toleo lake. Kuna kifua, kuna misuli ya tumbo, kuna tone la jasho linalotelemka katikati ya mgongo kwa mwendo wa polepole. Ule mkono uliongoja ameuondoa, kwa hoja kwamba pale "hakuna kinachotokea". Niliwaonyesha wenzangu sita wa kike toleo hilo, pamoja na la kwangu nililoliunga mwenyewe usiku. La mhariri walilipigia vigelegele. La kwangu liliwanyamazisha wanne, mmoja akaomba nirudishe nyuma auone tena ule mkono, na mmoja akapiga miayo.

Nisikufiche, Shangazi: vile vipande vya mhariri vilinipendeza na mimi pia. Macho hayana pazia. Lakini kijana mwenyewe alipoonyeshwa, alicheka kidogo, akasema, "Kumbe ndivyo nilivyo," akachukua mkoba wake na kuaga mapema, na tangu hapo hunijibu kwa neno moja moja.

Je, nimemtendea yaleyale niliyokuwa nikiyalalamikia? Je, jicho la mwanamke lipo kweli, au langu ni jicho la mwanamume lililotiwa wanja? Na nitoe toleo lipi?

Ni mimi,
Mwongozaji Mwenye Mashaka

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza maswali matatu mazuri, nami nitayajibu, lakini kilichonifanya niisome barua yako mara ya pili ni jambo ambalo hukuliuliza, yaani yale maji. Umeliandika katika sentensi moja na kupita. Waigizaji kadhaa mashuhuri wa kiume wamesimulia hadharani jinsi walivyojinyima maji kwa siku moja au zaidi kabla ya kupigwa picha wakiwa vifua wazi, ili ngozi ishikamane na misuli na kila mstari wa tumbo uonekane. Huenda mwigizaji wa namna hiyo akatakiwa kusimama dirishani kwa dakika mbili tu. Kijana wako alikuwa anacheza, anapokea uzito wa mtu, anarudia tena na tena mbele ya taa. Msuli hubanwa kwa sababu nyingi, lakini hakuna mwalimu wa dansi mwenye akili zake ambaye angemwacha mchezaji ashinde na kiu siku ya kazi nzito, na wewe mwenyewe usingemwacha kama siku ile ungekuwa unaitazama miguu yake na si tumbo lake.

Jiulize pia ni nani aliyemwambia asinywe. Si wewe, wala si mpiga picha. Alijua mwenyewe, kama vile wasichana wengi wanavyojua kuingiza tumbo ndani kabla kamera haijainuliwa, bila ya kukumbuka walifundishwa lini. Aliposikia "vua shati", alielewa kwamba kinachotakiwa sasa si kucheza.

Mwaka 1975 mtaalamu wa filamu wa Uingereza, Laura Mulvey, alichapisha makala ambayo hadi leo ndiyo chimbuko la mazungumzo mengi kuhusu mtazamo wa kiume katika sinema. Alieleza kwamba katika filamu za Hollywood alizozichambua, mwanamume ndiye anayetenda na kuisukuma hadithi mbele, na mwanamke ndiye anayetazamwa, kiasi kwamba anapoonekana hadithi huelekea kusimama ili macho yashibe. Alisema pia kwamba mpangilio huo haukumruhusu mwanamume aubebe mzigo wa kutazamwa hivyo. Wengi walioisikia habari hiyo juu juu walidhani dawa yake ni kuigeuza kamera tu, imwelekee mwanamume, na nadhani kiapo chako nacho kilikuwa cha namna hiyo. Lakini tusiishie kwenye jinsia ya anayetazama. Tuliangalie pia lile la hadithi kusimama. Lichukue toleo la mhariri wako ulipime kwa kipimo hicho. Tone la jasho linapotelemka mgongoni kwa mwendo wa polepole, dansi imesimama. Kijana hachezi, hamsikilizi mwenziwe, haamui lolote, na jasho ndilo linalofanya kazi. Mkono unapongoja hewani, mtu mmoja yuko katikati ya kuanguka na mwingine ameamua kutokuwa na haraka. Mhariri amekuambia kwamba pale hakuna kinachotokea. Mimi naona ameyageuza mambo hayo mawili kichwa chini, miguu juu.

Kuna mwandishi mwingine Mwingereza, Richard Dyer, aliyeandika mwaka 1982 kuhusu picha za wanaume zilizopigwa ili wanawake wazitazame. Aliona kwamba mwanamume katika picha hizo mara nyingi huangalia pembeni au juu, kana kwamba mawazo yake yako mbali na hana habari na anayemtazama, na kwamba hata akiwa ametulia misuli yake hukazwa, ili aonekane yuko tayari kutenda. Picha humtoa atazamwe, na papo hapo humsaidia kukana kwamba anatazamwa. Rudi kwenye picha zako za siku ya pili, uitazame shingo. Kama kidevu kimeinuka na tumbo limekazwa hata pale ambapo hatua haihitaji nguvu, basi ulichorekodi ni mtu anayejikinga. Kisha tazama vidole vya siku ya kwanza, vilivyolegea. Mwili ule haujikingi na chochote. Kiswahili chetu hutenganisha vizuri mambo haya: kijana wa siku ya pili ana umbo, wa siku ya kwanza ana haiba, na haiba haikubali kukatwa vipande, kwa sababu makao yake ni katika mwendo, katika namna mtu anavyochelewa na anavyowahi.

Hata hivyo, sitaki ujichape viboko kwa kuwa tone la jasho lilikupendeza, wala sitaki uwaonee haya wenzako kwa vigelegele vyao. Macho ya wanawake yamefichwa na kuchekwa kwa muda mrefu, na wanaume waliokubali kutazamwa nayo wamelipia. Mwigizaji Rudolph Valentino, ambaye dansi ya tango aliyoicheza kwenye filamu mwaka 1921 ilikuwa sehemu kubwa ya umaarufu wake, alipendwa mno na watazamaji wa kike, na mwezi Julai 1926 gazeti moja la Chicago likamtupia lawama katika tahariri kwamba wanaume wa Marekani wameanza kupaka poda kwa sababu yake. Alikasirika hata akamtaka mwandishi wa tahariri hiyo wapigane. Mwezi uliofuata alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 31. Tarehe 6 Januari 1957 kamera za televisheni zilimwonyesha mwimbaji Elvis Presley kuanzia kiunoni kwenda juu tu, huku wasichana waliokuwa ukumbini wakipiga kelele kwa kile ambacho watazamaji wa nyumbani hawakuruhusiwa kukiona. Kwa upande mmoja mwanamke aliambiwa kwamba hana haja ya kutazama, na kwa upande wa pili mwanamume aliyetazamwa aliambiwa kwamba amepungua uanaume. Kijana wako ameirithi hofu hiyo bila kuiomba, na huenda ndiyo iliyokuwa ndani ya kile kicheko chake kidogo.

Sasa nije kwenye wanja. Jicho moja la mwanamke sidhani kama lipo. Yapo macho ya wanawake, mengi, na hata katika chumba chako cha watu sita yaligawanyika, na yule aliyepiga miayo ni mwanamke kama wewe. Kuhusu kinachoyavuta macho hayo katika dansi, kuna utafiti mmoja ninaoupenda, wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Northumbria nchini Uingereza, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Waliwarekodi wanaume 19 wakicheza, wakaihamishia mienendo yao kwenye vikaragosi vya kompyuta visivyo na sura wala misuli ya kujivunia, kisha wakawaomba wanawake watoe alama. Waliopata alama za juu walikuwa wale ambao shingo na kiwiliwili chao vilitembea kwa upana na kwa mabadiliko mengi, pamoja na wepesi wa goti la kulia. (Goti la kulia limenichekesha, maana katika miaka yangu yote ya kukaa viti vya mbele sijawahi kujikamata nikilitazama goti la kulia la mtu, lakini inaelekea nilikuwa nikilitazama.) Utafiti mdogo kama huo hauwezi kuwasemea wanawake wote, ila unaonyesha kwamba mwanamume anaweza kuvuliwa shati, ngozi, uso na hata jina, na mvuto ukabaki, ikiwa ameachiwa mwendo wake.

Wala usidhani kwamba nakuagiza umfunge kijana vifungo hadi shingoni. Mwaka 1999 mwongozaji Claire Denis na mpiga picha wake Agnès Godard, wanawake wote wawili, walitoa filamu *Beau travail*, inayowahusu askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, yaani kikosi kinachoandikisha watu wa nchi mbalimbali, walioko Djibouti. Vifua wazi vimejaa ndani yake, chini ya jua kali, lakini wanaume hao wanaonekana wakifanya mazoezi kwa pamoja kama wachezaji wa dansi, wakipiga pasi mashati yao kwa uangalifu mkubwa, wakiishi. Na mwishoni mwigizaji Denis Lavant, amevaa shati jeusi na suruali nyeusi, yuko peke yake kwenye disko yenye kuta za vioo, akianza kama mtu asiyekusudia kucheza kabisa, kisha anacheza kana kwamba mwili umemshinda. Nakiri kwamba sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko kazi ya safu hii inavyodai. Kwa hiyo shati si kitu. Tazama kama, likiwa limevaliwa au limevuliwa, kijana bado anafanya jambo lake mwenyewe.

Je, ulimtendea yale uliyokuwa ukiyalalamikia? Kwa siku ile ya pili, ndiyo, na kuwa kwako mwanamke hakupunguzi kitu. Wewe ndiye uliyemchagua, wewe ndiye unayemlipa, na ulimuuliza mbele ya wanaume wawili waliokwisha kuamua. Katika hali hiyo neno "sawa" ni adabu zaidi kuliko ridhaa. Kama ungemuuliza siku moja kabla, mkiwa wawili tu, na ukamweleza kwamba akikataa hakuna kitakachoharibika kwa kuwa picha za shati tayari unazo, hapo ungepata jibu la kulitegemea.

Usimtumie ujumbe wa simu. Mwite aje chumba cha kuhariri wakati mhariri hayupo, umwekee picha ya ule mkono, na umwambie ulichoniambia mimi, kwamba ulisahau kusema "kata". Nadhani hajawahi kukisikia. Alichoonyeshwa ni tumbo lake, na akahitimisha kwamba tumbo ndilo ulilolipenda. "Kumbe ndivyo nilivyo" maana yake ni kwamba alidhani unaona kitu kingine. Baada ya hapo mpitie pamoja picha za siku ya pili, moja baada ya nyingine, na yale atakayosema yatoke, yatoke, hata kama ni lile tone unalolipenda. Inawezekana akaacha mengi yabaki. Wanaume nao hupenda kutazamwa, na si wote wanaotaka kutazamwa wakiwa wamevaa mashati meupe.

Toleo la kutoa, basi, si la mhariri wala si lile uliloliunga usiku ule, bali la tatu. Mhariri usigombane naye. Ana jicho zuri, isipokuwa lina haraka. Mkumbushe habari ya mchezaji dansi Fred Astaire, mwanamume mwembamba asiyekuwa na kifua cha kuonyesha, ambaye katika filamu zake za miaka ya 1930 alishikilia kwamba anapocheza mwili wake wote uonekane, kuanzia kichwani hadi miguuni, na picha ikatwe mara chache iwezekanavyo. Mhariri anayeipenda kazi yake ataelewa kwamba hayo ni masharti ya ufundi kabla ya kuwa masharti ya heshima. Mwambie auache ule mkono utimie: kuanzia mwenziwe anapopoteza mizani, hadi uzito unapotua. Kama kuna picha ya karibu ya ngozi, iwekwe baada ya hapo, tukishamjua mwenye ngozi.

Limebaki jambo moja, nalo limenishangaza katika barua iliyoandikwa na mwanamke mwangalifu kama wewe. Nimesoma habari za shati la kijana, vidole vyake, tumbo lake, mgongo wake, paja lake na kicheko chake. Yule mwanamke anayejiachia nyuma hana uso. Sijui kama alifumba macho au aliyafumbua, kama alikuwa akiogopa, wala kama alijua kwamba mkono utachelewa. Dansi yako ni ya watu wawili, na ndani yake mmoja wao ni mwanamke anayemtazama mwanamume huyu kwa karibu kuliko mimi, wewe na wale wenzako sita, na anamtazama kwa maisha ya uti wake wa mgongo. Ulikuwa ukilitafuta jicho la mwanamke nyuma ya kamera, kumbe lilikuwa mbele yake. Pekua picha zote, hata zile zilizoharibika, uone kama kuna mahali kamera ilimwangukia usoni sekunde moja kabla ya kuanguka. Kama hakuna, una siku moja zaidi ya kurekodi, na safari hiyo chupa za maji ziwekwe pale pale sakafuni, wanapozifikia wote wawili.